Umekuta tundu kwenye mfumo wa watu? Soma hapa kabla hujawaandikia

#1 Mtegua Nyaya (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Hazipiti siku nyingi bila kijana kunijia PM na habari ile ile: "Kaka, nimekuta mfumo wa sehemu fulani uko wazi, naona mpaka taarifa za watu. Nikiwaambia si watanipa kazi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa, akija mwingine namtupia linki.

Jibu fupi: kazi hawatakupa. Kesi wanaweza.

Mimi nalipwa kuingia kwenye mifumo ya watu. Taasisi inaniita, tunaandikishana, napewa muda na mipaka, nagonga kila mlango, naandika ripoti, nalipwa (kwa kuchelewa, lakini nalipwa). Kinachonitofautisha na anayepandishwa kizimbani si ujuzi wala roho nzuri. Ni karatasi iliyosainiwa kabla sijagusa kitu.

Sheria yetu hapa Tanzania, ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sura ya 443, ilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Namba za vifungu nitakazotaja ni za sheria ilivyotungwa. Kifungu cha 4 kinakataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na isivyo halali. Ukitiwa hatiani ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida uliyopata, ipi iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Angalieni hilo "isiyopungua". Sheria imeweka sakafu, dari haikuweka.

Halafu tazameni tafsiri ya "kuingia" mle kwenye sheria. Si lazima uvunje neno la siri la mtu. Kuwasiliana na mfumo, kuuamuru, kuchota data kutoka humo, yote yamo. Kijana anayesema "sikudukua chochote, nilibadilisha tu namba kwenye anwani ya ukurasa" anadhani anajitetea, kumbe anakiri.

Na "makusudi" inayotajwa pale ni makusudi ya kuingia. Kwamba ulitaka kuwasaidia ni jambo la kumwambia hakimu akupunguzie, ila kifungu chenyewe hakina mstari unaomtenga mtafiti mwenye nia njema. Mimi nimekisoma mara nyingi nikiutafuta huo mstari.

Kuna pia kifungu cha 10 kinachogusa kumiliki programu iliyoundwa au kurekebishwa kwa ajili ya kutenda kosa. Laptopu zetu zote za kazi zimejaa vitu ambavyo mpelelezi asiye mtaalamu akiviona atasema "tumempata".

Karibuni tujadili. Wanasheria mliomo humu, msinionee huruma.

#2 Kibanda cha Chipsi

Nimeweka kambi. Mwenye kahawa alete.

#3 Mwana wa Pangani

Mkuu unatutisha. Kwa hiyo nikiona duka liko wazi usiku nisimwamshe mwenye duka?

#4 Mtegua Nyaya

Mwamshe. Lakini wewe hukuona mlango ukiwa barabarani, uliingia ukahesabu magunia ndipo ukaenda kumwamsha. Hapo ndipo mgogoro wote wa sheria hizi ulipo, na si kwetu tu.

Ujerumani mwaka 2021 fundi mmoja wa kujitegemea aliitwa na mteja kutafuta hitilafu kwenye programu ya kampuni ya Modern Solution. Akakuta neno la siri la kanzidata limeandikwa wazi ndani ya programu yenyewe, na kanzidata ile ilikuwa na taarifa za wateja wapatao 700,000 wa maduka ya mtandaoni. Akatoa taarifa. Kampuni ikamshtaki polisi, vifaa vyake vikachukuliwa. Mahakama ya mji wa Jülich kwanza ilikataa hata kuisikiliza kesi, ikasema neno la siri la namna ile si ulinzi. Mahakama ya juu yake, Aachen, ikairudisha. Januari 2024 akapigwa faini ya euro 3,000, na rufaa yake ikagonga mwamba baadaye mwaka huo huo. Hiyo ni Ujerumani, nchi yenye mawakili wa faragha kila kona.

Marekani nako, Oktoba 2021, mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch alifungua tovuti ya idara ya elimu ya jimbo la Missouri, akabonyeza kuangalia msimbo wa ukurasa, jambo ambalo kivinjari chochote kinaruhusu. Namba za hifadhi ya jamii za walimu zilikuwa humo humo. Gazeti liliwaambia idara, likasubiri wazibe, ndipo likachapisha. Gavana Mike Parson akaita waandishi wa habari akamwita yule bwana mdukuzi, akataka ashtakiwe. Mwendesha mashtaka wa kaunti alikataa kufungua kesi, Februari 2022. Kumbukeni ni miezi minne mtu analala na wazo la jela kwa kusoma ukurasa aliotumiwa na seva yenyewe.

#5 Nahodha wa Kilindini

Jambo wakuu, nachangia kutoka Mombasa. Kwetu Kenya sheria ni ya 2018, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao, na kifungu cha 14 kimeandikwa tofauti kidogo na chenu. Kinataka mtu awe amekiuka hatua za ulinzi, akiwa na nia ya kuingia, na akijua hana ruhusa. Kwa hivyo wakili mzuri anaweza kusimama mahakamani Milimani, Nairobi, aulize: ulinzi gani uliokiukwa, ikiwa ukurasa ulijifungua wenyewe? Adhabu nayo ni faini isiyozidi milioni 5 za Kenya au kifungo kisichozidi miaka 3. Sisi tumepewa dari, nyinyi mkapewa sakafu.

Lakini msitamani kuhamia huku. "Hatua za ulinzi" ni zipi, hilo bado litabishaniwa sana, na kesi ya Ujerumani aliyoleta mkuu imeonyesha kuwa hata neno la siri lililoachwa wazi laweza kuhesabiwa kuwa ulinzi.

#6 Dogo Ubungo

Wakuu, huu uzi umekuja na mimi nina jambo linaninyima usingizi.

Mimi ni mwanachama wa chombo fulani cha mikopo, jina naliacha. Niliingia na akaunti yangu kuangalia salio. Pale juu kwenye anwani, mwishoni, kuna neno mwanachama, alama ya sawasawa, halafu namba yangu ya uanachama. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho nikabonyeza. Ikaja taarifa ya mama mmoja simjui: picha yake, namba ya NIDA, mshahara, deni lililobaki, jina la mdhamini na simu ya mdhamini. Nikajaribu nyingine, ikaja. Nikaandika kiskripti kidogo usiku (programu fupi ya kubadilisha namba yenyewe) kuona ni wangapi wako wazi. Ni wote.

Asubuhi nikawaandikia barua pepe kwa heshima, nikaambatanisha faili kama ushahidi wasiseme natunga. Kimya. Jana napigiwa simu na mtu anasema ni ofisa usalama wao, anataka niende ofisini kwao na laptopu "tumalizane kirafiki".

Niende?

#7 Mwana wa Pangani

Futa kila kitu sasa hivi. Laptopu piga chini weka Windows upya, laini badilisha. Hawana ushahidi hao.

#8 Wakili Baraza la Nje

DOGO USIFUTE KITU. Na wewe Mwana wa Pangani acha kumpeleka mwenzio shimoni.

Kifungu cha 22 cha sheria hiyo hiyo kinamhusu anayeharibu, kufuta au kuficha data kwa nia ya kuzuia au kuchelewesha upelelezi. Kwa sasa dogo ana hoja nzuri za kujieleza. Akifuta leo, siku moja baada ya kupigiwa simu, anajiongezea kosa la pili ambalo halina utetezi wa "nilitaka kusaidia". Tena barua pepe aliyotuma iko kwao, na kumbukumbu za seva zinaonyesha kila alichofungua na saa aliyofungua. Atakuwa amefuta upande wake tu.

Kuhusu kwenda ofisini na laptopu: hapana. Taasisi binafsi haina mamlaka ya kukamata kifaa chako. Polisi wanayo, kifungu cha 31 kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kuamuru upekuzi na ukamataji wa vifaa, na sheria haikumlazimisha kwanza kwenda mahakamani. Ndiyo maana hutaki kufika mahali ukiwa umeshikilia ushahidi wote mkononi, bila wakili, ukizungumza "kirafiki" na mtu anayerekodi. Kama wanakuhitaji waandike. Ukiitwa kituoni nenda, lakini nenda na wakili, una haki ya kuwa naye wakati wa kuandika maelezo.

Sasa tuchambue alichofanya, maana hapa pana somo. Mleta mada ameweka yote kwenye kapu moja, mimi nitayatenganisha.

Kubadilisha tarakimu ya kwanza: mwanachama halali, ndani ya akaunti yake, kaona mfumo unampa kisicho chake. Hapo ningesimama mahakamani nikiwa na amani. Neno "isivyo halali" limo kwenye kifungu cha 4 na lina kazi yake. Mteja wangu alikuwa na ruhusa ya kuwa ndani ya mfumo ule.

Ya pili: bado naweza kuieleza. Alitaka kuhakikisha si bahati mbaya.

Kiskripti: hapa jasho linaanza. Alishajua tundu lipo. Alichofanya baada ya hapo ni kuchota taarifa za watu wote, na hakimu atauliza ulihitaji wote wa nini.

Faili kwenye barua pepe: hapa amesafirisha taarifa binafsi za mamia ya watu kwa njia isiyo salama, na nakala anayo. Kwa mlengo wa sheria ya taarifa binafsi, tayari na yeye anakusanya na kuhifadhi taarifa za watu bila msingi.

Kuna kesi ya Marekani inayofanana na hii mno. Mwaka 2010 watu wawili waligundua kwamba ukiipa seva ya kampuni ya simu ya AT&T namba ya utambulisho ya iPad, inakurudishia barua pepe ya mwenye iPad. Wakaandika skripti ya kuzungusha namba, wakapata barua pepe kama 114,000, orodha wakaipeleka kwa chombo cha habari. Andrew Auernheimer akahukumiwa miezi 41 mwaka 2013. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilifuta hukumu, lakini kwa sababu kesi ilifunguliwa jimbo lisilohusika. Swali la kama kuzungusha namba kwenye seva isiyouliza neno la siri ni kosa, halikupata jibu pale.

#9 Dogo Ubungo

Mkuu wakili asante. Nimeacha kutetemeka kidogo. Kwa hiyo nikae kimya tu?

#10 Zamu ya Usiku

Ngoja na mimi niseme, maana nyie wote mko upande mmoja. Mimi nakaa upande wa pili, naangalia mifumo ya taasisi ya fedha. Dogo anasema "kiskripti kidogo". Mimi ninachokiona saa nane usiku ni anwani moja inafungua kurasa za wateja mfululizo, sekunde kwa sekunde, bila kupumzika. Sioni nia njema kwenye kioo. Namwamsha bosi, bosi anamwamsha mkurugenzi, tunazima huduma, wateja wanatukana mitandaoni. Asubuhi inakuja barua pepe: "Habari, mimi ni mtafiti." Mtafiti gani? Nani alikutafuta?

Na wapo wanaoandika hivi: "nina taarifa zenu zote, naomba tuongee kuhusu zawadi yangu." Huyo mnataka nimwite mtafiti?

#11 Mtegua Nyaya

Zamu ya Usiku nakuunga mkono kwa nusu.

Nusu ya kwanza ni hela. Vijana, ukitaja malipo kwenye ujumbe wa kwanza huku ukiwa umeshikilia data zao, umetoka kwenye makosa ya mtandao umehamia jirani. Kudai mali kwa vitisho ni kosa lililoko kwenye Kanuni ya Adhabu tangu kabla hatujawa na intaneti, na hakuna hakimu atakayehitaji mtaalamu wa kompyuta kumweleza maana yake. Malta mwaka 2022 wanafunzi wa sayansi ya kompyuta walikuta tundu kwenye programu ya ratiba za wanafunzi inayoitwa FreeHour. Wakawaandikia wenye programu, wakawapa miezi mitatu ya kuziba kabla ya kulitangaza, na wakauliza kama kuna zawadi. Walikamatwa na kupekuliwa, vifaa vikabebwa. Ukiisoma barua yao haina tusi wala kitisho. Lakini siku ya mwisho na swali la zawadi vikikaa kwenye karatasi moja, msomaji mwenye hofu anasoma kitu kingine kabisa.

Kuna kampuni zilizotangaza zenyewe kwamba zinalipa wanaoleta matundu, zikaandika mipaka: gusa hiki, usiguse kile, ukiheshimu hatutakushtaki. Tangazo kama hilo ndilo kibali chako. Kama taasisi haijatangaza, usijitangazie wewe kwa niaba yao.

Nusu ya pili sikuungi. Ulichosema ni kwamba hamuwezi kumtofautisha mwema na mwizi. Sasa wekeni ukurasa mmoja kwenye tovuti yenu: ukiona tundu tuandikie hapa, simama hapa, usivuke hapa. Uholanzi walitoa mwongozo wa kitaifa wa jambo hili mwaka 2013, na serikali yao inampa anayeripoti kwa adabu fulana yenye maneno ya utani kuwa ameidukua serikali akaambulia fulana. Fulana! Ni rahisi kuliko kuwaamsha wakurugenzi. Ubelgiji wao Februari 2023 wameliweka kwenye sheria kabisa: ukiripoti haraka, usichukue zaidi ya kinachohitajika kuthibitisha, usidai hela, usitangaze bila ridhaa, hushtakiwi. Marekani hawajagusa sheria yao ya udukuzi ya 1986, ila Mei 2022 wizara ya sheria iliwaelekeza waendesha mashtaka wa shirikisho wasiwashtaki watafiti wa nia njema. Hayo ni maelekezo tu, yanaweza kubadilishwa na ofisi hiyo hiyo.

Sisi hapa tuna kifungu cha 4 kitupu.

#12 Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Wanangu mimi si mtu wa kompyuta, ila nimesoma mpaka hapa na kuna kitu mnakiruka. Yule mama ambaye picha yake na mshahara wake vimeonekana, yeye nani anamwambia? Mnabishana dogo kakosea au hajakosea, na taasisi iliyoacha taarifa za watu uchi inakaa pembeni kama mjomba wa bwana harusi.

#13 Mtegua Nyaya

Shikamoo Bi Mkubwa. Umefika pale nilipotaka tufike.

Dogo sikiliza vizuri hapa, na wengine wote. Makosa mengi ya vijana yanaanzia kwenye kujitambulisha. Dogo aliandika kama mtaalamu wa usalama aliyekuta tundu. Hakuwa na haja hiyo. Dogo ni mwanachama. Taarifa zake, NIDA yake, mshahara wake, mdhamini wake, vyote vimo kwenye mfumo ule ule, na kama yeye anamwona yule mama, yule mama anaweza kumwona yeye.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake, PDPC, ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwa Tume, anatakiwa azilinde, na ulinzi ukivunjika anatakiwa aitaarifu Tume. Mwenye taarifa ana haki ya kulalamika kwenye Tume. Kwa hiyo njia iliyo wazi kwa dogo ni hii: mimi ni mwanachama, nina sababu ya kuamini kwamba taarifa zangu zinaonekana na watu wasiohusika, chanzo ni hiki, nataka zilindwe. Huhitaji faili la watu wengine kusema hivyo. Unahitaji anwani ya ukurasa na maelezo ya sentensi tatu.

Hii haifuti kifungu cha 4. Lakini sasa taasisi nayo ina la kujibu, kwa chombo chenye meno, kwenye maandishi yenye tarehe. Nimeona ofisi zikibadilika sauti kabisa pale anayezungumza nazo anapoacha kuwa "mdukuzi" akawa "mlalamikaji".

#14 Wakili Baraza la Nje

Ni sahihi, na niongeze hili kwa dogo: simu ile ya "tumalizane kirafiki" ina tafsiri yake. Tangu walipoipokea barua pepe yako, hawawezi tena kusema hawakujua. Wajibu wa kuitaarifu Tume umeshawaangukia. Wakikupata wewe ukasaini karatasi kwamba ulivamia mfumo, habari nzima inageuka: si uzembe wao, ni shambulio la mhalifu. Usisaini chochote kwao.

Barua mpya iwe fupi, kwa uongozi, nakala kwa Tume. Faili la wanachama lifunge kwa neno la siri, usilifungue, usimtumie mtu hata mimi, na uandike kwenye barua kwamba unalo, umelifungia, uko tayari kulikabidhi kwa mamlaka husika. Mtu anayeficha haandiki hivyo.

#15 Nahodha wa Kilindini

Huku kwetu saa zinahesabiwa kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwenye mfumo saa 72 tangu ajue, amtaarifu Kamishna wa Data, pale ambapo kuna hatari ya kweli ya watu kudhurika. Na ile ya 2018 inataka shambulio liripotiwe ndani ya saa 24 kwa kamati ya taifa. Kampuni nyingi zingali zinajadiliana nani aandike barua wakati saa zimekwisha.

#16 Zamu ya Usiku

Hapo kwenye fulana nimecheka. Nakiri kwamba ukurasa wa kupokea taarifa hatuna, nitaupeleka kwenye kikao. Najua mwanasheria wetu atakachosema: "tukiuweka tunawakaribisha." Kama vile hawajaja.

#17 Mwana wa Pangani

Na nikiogopa kuwaandikia moja kwa moja?

#18 Mtegua Nyaya

Ipo TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya kompyuta, iko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Unawapa wao, wao wanawafikia wenye mfumo. Wenzetu Kenya wana KE-CIRT. Barua inayofika kwa mkurugenzi ikiwa na nembo ya mamlaka haitupwi kwenye takataka, na jina lako halibebi uzito peke yake. Usipeleke kwenye mtandao wa X wala hapa jukwaani kabla tundu halijazibwa. Ukilitangaza likiwa wazi, wa kwanza kulitumia si wenye mfumo.

Na jueni mambo hayaelekei kulainika yenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu makosa ya mtandao ulipitishwa na Baraza Kuu Desemba 2024, ukafunguliwa kutiwa saini Hanoi Oktoba 2025. Watafiti wa usalama walilalamika tangu kwenye majadiliano kwamba kifungu cha kuingia isivyo halali hakiwapi kinga ya lazima. Kila nchi imeachiwa. Siku wizara ikiita maoni ya kurekebisha sheria ya 2015, sisi wa kada hii tuwe na aya yetu mkononi: aliyeripoti bila kuchelewa, hakuchukua zaidi ya uthibitisho, hakudai kitu, asihesabiwe kuwa ameingia isivyo halali. Mistari minne.

#19 Fundi Seva Mwanza

Mkuu mleta mada, turudi kwa sisi wenye mikataba. Nimepata kazi ya kwanza ya kupima mfumo wa shule binafsi. Mkuu wa TEHAMA kanitumia WhatsApp "endelea tu kaka". Hiyo inatosha?

#20 Mtegua Nyaya

Haitoshi hata kidogo. Usiguse.

Septemba 2019 vijana wawili wa kampuni ya Coalfire waliingia usiku kwenye jengo la mahakama la kaunti ya Dallas, jimbo la Iowa. Walikuwa na mkataba, wametumwa na utawala wa mahakama za jimbo kupima ulinzi, pamoja na milango. King'ora kikalia, wakasubiri polisi, wakaonyesha barua yao. Sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, akasema jengo ni la kaunti, si la jimbo, na jimbo halina mamlaka ya kumruhusu mtu kulivunja. Wakalala mahabusu, wakashtakiwa kwa kuvunja na kwa kukutwa na zana za kuvunjia, dhamana dola 50,000 kila mmoja. Mashtaka yalifutwa mwishoni mwa Januari 2020. Karatasi walikuwa nayo! Tatizo lilikuwa nani aliisaini.

Kwa hiyo kwako: asaini mtu mwenye uwezo wa kuifunga shule, yaani mmiliki au mkurugenzi, si mkuu wa TEHAMA. Kwenye karatasi ziwemo anwani za mifumo inayopimwa, zile zisizoguswa, tarehe na saa ya kuanza na kumaliza, na simu ya mtu atakayepokea saa nane usiku ukikamatwa. Angalia sana tarehe ya mwisho. Kifungu cha 5 kinamhusu anayeendelea kubaki ndani ya mfumo baada ya muda aliopewa kuisha. Mkataba umeisha Ijumaa, Jumatatu unaingia "kuangalia tu kama wameziba", hapo ruhusa huna. Andika marudio ya upimaji ndani ya mkataba tangu mwanzo.

#21 Fundi Seva Mwanza

Nimekuelewa. La mwisho: mfumo wenyewe hauko shuleni, uko kwenye seva za kukodi za Amazon. Saini ya mmiliki wa shule inafika mpaka huko?

#22 Mtegua Nyaya

Inafika kwenye kile alichokodi, haifiki kwenye jengo la aliyemkodisha. Amazon wana orodha ya huduma zao ambazo mteja anaruhusiwa kuzipima bila kuwaomba kwanza, na wamekataza mengine, hasa kuizidishia seva mzigo mpaka ianguke. Isome orodha, iambatanishe kwenye mkataba, na jaribio la kuangusha huduma liondoe kabisa. Kama kuna kampuni nyingine katikati iliyotengeneza huo mfumo na kuuza kwa shule kumi, nayo isaini, maana ukipenya kwa hii unaweza kutokea kwenye wanafunzi wa shule ambayo haijakuruhusu chochote. Nitumie rasimu PM kabla hujaipeleka, nitaipitia kesho jioni.